Mwanangu, kuhusu wasifu wako

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa sokoni Mwaloni, kelele tupu, nikaurudia jioni nyumbani. Unauliza kama kwenye wasifu unaowapelekea mawakili wa Dar kuomba kazi uitaje ile miaka ya kuuza dagaa na mimi, au uanzie Malimbe chuoni na Shule ya Sheria. Na pale pa mambo unayopenda, wenzako wameandika kusoma na kusafiri, nawe uandike hivyo?

Yule mnunuzi wa magunia ya dagaa unamkumbuka? Ulikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni. Mbalamwezi ilikuwa kali, dagaa hawavuliki, mitumbwi imepumzika, hakuna mzigo, ni siku za kudaiana tu. Akaja akakanyaga turubai letu na viatu, akatangaza mbele za watu kwamba hana deni, namsingizia. Mjomba wako akaanza kukunja mikono ya shati. Wewe ukamwamkia kwanza. Ukafungua lile kauntabuku linalonuka dagaa: tarehe, magunia, bei, kilicholipwa, kilichobaki, na sahihi yake. Ukamuuliza taratibu, "Baba, hii sahihi ni ya nani?" Alilipa pale pale, amesimama. Shangazi yako wa Nansio amechoka kunisikia nikiisimulia.

Na wazo la kuwasainisha wateja lilikuwa lako! Mimi nilikuwa naandika jina na hesabu, basi. Miaka baadaye ukaja kutoka Malimbe ukaniambia Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inalipokea daftari la biashara mahakamani, ila peke yake halitoshi kumbebesha mtu deni. Nikasema moyoni, huyu alilijua hilo akiwa na sketi ya shule.

Nimekwambia tangu utotoni: onyesha ulichofanya, sifa wataziongeza wengine. "Najituma, nina bidii" kila mtu anaandika. Lakini "niliweka hesabu za wateja wa mkopo, nikawasainisha kila mzigo", hapo msaili atauliza, na utakuwa na la kumjibu.

Lakini huenda huyo wakili ana rundo la maombi mezani, akikutana na dagaa atapita. Huenda anatafuta kwanza utafiti wa kesi, uandishi wa hati, mafunzo yako ya vitendo mahakamani. Sawa, hayo yatangulie, ndiyo anayotafutia watu. Dagaa wakae chini, mistari miwili. Ila kama ni ofisi inayoshughulika na mikopo ya benki na madeni ya wafanyabiashara? Hapo mimi ningewapandisha juu kabisa. Kwa hiyo soma kwanza ofisi inafanya kazi gani. Wasifu mmoja usiutume kila mahali.

Na kusafiri, unasafiri wapi wewe, zaidi ya Ukerewe? Unachopenda ni kwaya. Umewafundisha wale watoto wa parokia sauti tatu, wengine hawajui hata kusoma. Hilo unaweza kulizungumza nusu saa bila kukwama. Kusoma, wakikuuliza kitabu cha mwisho, utasema nini? Onyesha ulichofanya, mwanangu.

Baba yako anasema nisikuamulie, kwa kuwa wewe ndiye utakayekaa mbele yao. Haya, sikuamulii. Ila ukiwaandika dagaa, sahihi usiziache.

Mama yako