Je, Nikisoma Kidushi Ninashuhudia Uongo?

SWALI: Shalom, Rabi. Ninasoma jiolojia chuoni. Mchana tunapima umri wa mawe, na Ijumaa jioni, katika Kidushi, yaani baraka yetu Wayahudi ya kuitakasa Sabato, ninashika kikombe cha divai mbele ya wazazi wangu na kusoma kwamba mbingu na nchi zilikamilika kwa siku sita. Ulimi huwa mzito. Je, mimi ni shahidi wa uongo?

JIBU: Shalom, mwanangu. Umelitaja neno lenyewe, kwani desturi ya wengi ni kusoma aya zile tatu za Mwanzo sura ya 2 wakiwa wamesimama, kwa sababu shahidi mbele ya mahakama yetu hutoa ushahidi wake amesimama. Ushahidi huo ni kwamba ulimwengu una Muumba, na kwamba Yeye ndiye aliyeitakasa siku ya saba. Urefu wa zile siku sita ni suala la tafsiri, na andiko lenyewe linatufungulia mlango: jua linawekwa siku ya nne, ilhali jioni na asubuhi zimekwisha kutajwa mara tatu.

Katika karne ya 12 Musa bin Maimoni, rabi na mwanafalsafa ambaye sisi humwita Rambam, alikabiliwa na jambo zito kuliko lako, yaani fundisho la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Katika kitabu chake cha kuwaongoza waliotatizika, sehemu ya 2, sura ya 25, anaeleza kwamba halikatai kwa sababu ya aya za uumbaji, maana aya hizo angeweza kuzifasiri kama alivyozifasiri zile zinazoonekana kumpa Mungu mwili. Analikataa kwa kuwa halijathibitishwa, na kwa kuwa, jinsi Aristotle alivyolishika, lingeing'oa Torati kwenye mizizi yake. Sasa lipime la kwako kwa kipimo hicho: dunia yenye umri wa miaka bilioni 4.5 ina mwanzo.

Hata hivyo, usijaribu kuifanya kila siku ya uumbaji iwe enzi moja ya jiolojia. Miti ya matunda inatajwa siku ya tatu, kabla ya jua na kabla ya viumbe vya baharini, na mawe yako hayatakubaliana na mpangilio huo. Tena ukiifunga Torati kwenye nadharia ya leo, nadharia ikibadilika utabaki na nini? Wapo marabi, wenye elimu kunizidi, wanaoshikilia siku sita kama zilivyoandikwa, nami nawaheshimu, lakini hilo halikutoi wewe katika imani.

Basi Ijumaa hii simama, shika kikombe kwa mkono wa kulia, usome kwa sauti ambayo wazazi wako wataisikia. Na kwa kuwa Sabato hushuhudiwa pia kwa kuacha kazi, hakikisha umetoka maabarani mapema, uwe nyumbani kabla mama yako hajawasha mishumaa.