Ukichora uso wako uliobadilika, wa zamani usiufute wote

Mie picha hii nilianza wiki ya pili baada ya kutoka eda. Miezi minne na siku kumi niko ndani, Ng'ambo hapa Unguja, hina hakuna wanja hakuna, siku natoka najitazama kwenye kioo yule mtu simjui kabisa, nkasema basi ntamchora.

Sasa wanaotaka kujaribu nawaambia nlipokosea. Kanvasi ya dukani ghali, mie nlichukua kitambaa cha marekani nkampa seremala anibanie kwenye fremu, nkapaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili na msasa katikati, inafaa sana. Kosa langu ni kuanza na picha yangu ya harusi pembeni, nanakili kila kitu, pua, nyusi, mpaka mkufu. Ikatoka nzuri jamani, lakini ilikuwa ya mtu aliyeondoka zamani. Usiku nkaipaka nyeusi yote kwa hasira, halafu kabla haijakauka nkaona vibaya nkachukua kisu cha kuchanganyia rangi nkaanza kukwangua, na jicho la kushoto la yule bibi harusi likatokea chini ya weusi linanitazama. Nililia sana.

Ndo siri yenyewe hiyo. Rangi ya akriliki inakauka haraka, kwa hiyo tabaka la chini liache likauke khasa (wakati wa masika lipe muda zaidi, unyevu wetu mnaujua), la juu ulikwangue lingali bichi. Ukichelewa linagoma, ukiwahi unachafua vyote viwili. Kwangua kidogo, rudi nyuma hatua tano, tazama, paka tena. Usione unapoteza muda, Willem de Kooning, yule mchoraji Mholanzi aliyehamia Marekani, picha yake ya Woman I aliianza 1950 akaja kuimaliza 1952, anakwangua anaanza upya, kuna wakati aliiacha kabisa.

Rangi usijaze. Mie nlibaki na nyeusi ya wanja na ile nyekundu ya hina, maana ndo vitu nilivyovikosa miezi yote ile, wewe tafuta vyako. Na usionyeshe watu mapema, mama alinuliza pua iko wapi nkakaa siku tatu sijashika brashi. Bibi ndo hapendi kabisa sura ukutani, nkaona nimheshimu, picha iko chumbani kwangu nyuma ya mlango.

Mdomo ndo ulonishinda. Nimeuchora mara nne, kila mara unatoka wa mtu anayejibu pole za watu, ahsante, ahsante, tumeshapoa. Mara ya tano nkaukwangua mpaka ule weupe wa mwanzo na nimeuacha hivyo hivyo.