Wadogo zangu mnaoendesha warsha za kumwokoa nguva, yule mnyama wa baharini anayekula nyasi bahari

Jana nilikaa nyuma ya ukumbi pale Mikocheni nikawatazama mkifanya kazi. Mlijiandaa kweli: Vortex, ile programu ya kukadiria kama wanyama watadumu au watatoweka, iko wazi kwenye kompyuta, kadi za rangi zimepangwa, ajenda ina muhuri. Ila hadi saa nne wale wavuvi sita wa Rufiji walikuwa hawajafungua mdomo, na ukutani ipo ramani kubwa yenye alama nyekundu za wanakopita nguva, kila anayepita anaipiga picha kwa simu. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwarobaini hadi moyo ukatulia. Nawapenda, ndiyo maana naandika usiku huu huu.

1. Tazameni mwezi kabla ya kupanga tarehe. Mvuvi wa dagaa wa taa hupumzika mbalamwezi. Mkimwita gizani mtaletewa mtu asiyevua.

2. Anayeshika maji awe ndani ya chumba. Chura wa Kihansi aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, bwawa la umeme likayachukua maji, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Watu wa bwawa, watu wa chuo na bustani za wanyama za Bronx na Toledo walilazimika kuvuta kamba moja ndipo chura akarudi: 2010 akafikia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 akapelekwa korongoni kwake. Kwenye nguva, anayeshika maji ni mwenye jarife, ule wavu wa matundu makubwa. Mnamweka kiti cha nyuma?

3. Tumieni kete za bao kabla ya grafu. Jike la nguva hubeba mimba miezi kama 13, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitatu hata saba bila kuzaa tena. Mwekeni mvuvi kete 20 mezani, aondoe moja kila jarife linaponasa na arudishe moja kila jike linapozaa. Niliwahi kumwona mama mchuuzi wa samaki akiirudisha kete aliyokwisha kuitoa, anakataa kuiachia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwaweka nguva wa pwani yetu ya Afrika Mashariki kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakiwa wamebaki wazima wasiofika 250.

4. Ramani. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa pili kazini, wakati wa chai, mzee mmoja aliniita pembeni. "Mwanangu, njoo." Alichovya kidole kwenye chai akachora juu ya meza: mdomo wa mto, fungu la mchanga, kisha akalaza kiganja pale penye nyasi bahari. Akasema kaskazi ikiingia, nguva hupita hapo na mtoto ubavuni. Jarife lake mwenyewe liliwahi kumnasa mmoja, na alipomfikia alikuwa ameshakufa maji. Akaniambia wenzake wako tayari kuuacha mkondo ule msimu mzima, iwapo na wa kijiji cha pili wataacha. Chai ilikuwa inakauka mezani huku anaongea, anachovya tena, anachora upya.

Mimi niliona alama tu. Nikaiweka kwenye ramani ya ripoti, na chini yake nikaandika jina la kijiji kwa shukrani. Lile pendekezo la kuuacha mkondo nikalitupa kwenye "mengineyo". Ripoti ikasambazwa kwa kila aliyetaka.

Kabla msimu haujaisha doria ilikwenda moja kwa moja kwenye alama yangu. Nyavu za kijiji kile zikachukuliwa, na za mwanawe zikiwemo. Mzee alinipigia. "Mwanangu, ni wewe uliyeandika?" Nikasema ndiyo, mzee. Akanyamaza, nikasikia upepo kwenye simu, kisha akakata. Mpango wa kuuacha mkondo ulikufa siku ile. Baadaye nilikwenda kumwomba radhi. Akaniangushia dafu, akaniuliza habari za watoto, akanisindikiza hadi barabarani. Kuhusu nguva hakutamka neno, na mimi sikustahili kuuliza. Kijiji chake sikitaji hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, muulizeni mwenye habari: hiki nikichore wapi, nani akione, na jina lako likae au litoke? Ramani ya kusambaza ichorwe kwa miraba mikubwa.

5. "Elimu itolewe" si kazi. Andikeni nani, lini, kwa fedha ipi.

Ile ramani ya Mikocheni niliibandua mwenyewe mlipokwenda kula. Imekunjwa, iko mezani kwangu. Picha zilizopigwa siwezi kuzirudisha, lakini wavuvi wale wanapanda basi Mbagala Rangi Tatu keshokutwa asubuhi. Kesho saa mbili njooni na karatasi mpya, tukae nao sisi tu, tuwaulize.