Jibu: Nikiposti picha mtandaoni, mbona hamu ya kupiga inabadilika?

Mkuu, umeuliza kama kuposti kunamjenga mpiga picha wa kujifurahisha au kunamharibu. Kwangu vyote viwili. Mwanzoni kulinitoa kitandani: saa kumi na moja alfajiri niko Feri, soko la samaki pale Kivukoni, Dar es Salaam, nasubiri samaki washushwe, kisa tu kuna watu watatu wanne wataangalia picha. Nikajifunza na kuchagua. Kati ya mia mbili nabakiza tano.

Shida ilianza machweo yalipopata laiki kuliko nyuso za wachuuzi. Bila kujua nikawa mtu wa machweo. Hata kamera nikaanza kuishika wima, maana picha ya wima inajaza skrini ya simu! Za mlalo, ninazozipenda hasa, zikapotea.

Instagram tangu 2021 inaruhusu kuficha hesabu ya laiki, nikaficha (ukichokonoa unaziona zako, ila uvivu unanisaidia). Pia siposti picha kabla haijakaa wiki mbili. Nyingine naziprinti studio na kumpelekea aliyemo. Mama lishe mmoja wa Feri kaibandika yake ukutani, na bado ananidai ya mwanawe.