Barua kwa mwanangu: ataenda kusoma au kusali?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Songea hatujambo, baba yako anakusalimu, mahindi tumeshayaingiza ndani.

Ujumbe wako nimeusoma na nimemsomea na baba yako. Umeuliza hivi: "Mama, wewe umefundisha kwa masista mpaka umestaafu. Tunataka kumpeleka mjukuu wako, mke mwenzako, kidato cha kwanza shule ya bweni ya Kikatoliki, lakini baba yake, yeye Mwislamu, anauliza, huko mtoto anakwenda kusoma au kusali? Mimi nilisoma shule ya Serikali, nimeshindwa kumjibu." Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu utaniambia "sawa mama" kabla sijafika katikati.

Atasoma, na atasali. Tena kwa saa, kusoma kutazidi mbali. Mtaala ni wa Wizara, na Baraza la Mitihani halina karatasi ya Wakatoliki na karatasi ya wengine. Kidato cha pili atafanya upimaji wa kitaifa uleule anaofanya mtoto wa shule ya kata, na kidato cha nne hivyohivyo. Kinachoongezeka ni kipindi cha dini, na wanaotaka hufanyia mtihani somo la Bible Knowledge, yaani maarifa ya Biblia. Kwa hiyo mkwe wangu asidhani kuna hesabu za kikanisa.

Ila ratiba ya siku ataiona ngeni. Kwetu kengele ya kwanza ililia saa kumi na moja alfajiri. Kunawa uso, Misa, usafi wa mazingira, uji, mstarini, na saa mbili kamili mwalimu wa kipindi cha kwanza yuko mlangoni. Masista wetu walikuwa Wabenediktini, na usemi wao ni Sala na Kazi. Kazi waliitilia mkazo kweli: binti wa mjini aliyekuja hajui kushika fyekeo aliondoka anajua. Jioni prepo, yaani kujisomea darasani, sala ya usiku, taa zinazimwa. Mwezi wa Oktoba Rozari kila siku, Kwaresima Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Wiki za kwanza watoto wanalia, baadaye wanazoea, na wakija likizo wanaamka alfajiri wanasumbua watu nyumbani.

Umeniuliza kuhusu darasani hasa, na hapo ndipo nina la kusema.

Saa sita kamili kengele ya kanisa hulia, na mara nyingi kipindi kinakuwa katikati. Mwalimu anaweka chaki, darasa linasimama, mmoja anaanzisha: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Wengine wanaitikia: "Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu." Ni sala fupi, dakika chache imekwisha. Sasa nifikirie mimi mwalimu wa Baiolojia, niko kidato cha tatu, ubaoni nimechora mfuko wa uzazi na mishale yake yote, ndiyo kwanza nimemaliza kueleza yai linavyorutubishwa, na kengele hiyo inalia. Darasa zima la wasichana linatakiwa liitikie maneno hayo bila kucheka. Walikuwa wanabana vicheko mpaka madawati yanatikisika. Niliwaacha. Sala ikiisha tunaketi, tunaendelea na mirija.

Siku moja mmoja akanyoosha mkono: "Madam, sasa ile ya Maria iliwezekanaje?" Darasa likanyamaza kuona kama nitamfokea. Nikamwambia Kanisa linaita jambo lile muujiza kwa sababu linajua kawaida ikoje, na sisi humu tunajifunza kawaida. Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika.

Kidato cha nne kuna mada ya mageuzi ya viumbe, na huko ndiko watu wa nje hutegemea kukuta vita. Vita nilivyoviona vililetwa na wazazi wa makanisa mengine waliokuja kulalamika kwamba tunawafundisha watoto kuwa wametoka kwa nyani. Padre hakuja kulalamika hata mara moja. Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba asili ya mwili wa binadamu ni jambo linaloweza kuchunguzwa na wataalamu, huku Kanisa likishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu. Yohane Paulo II mwaka 1996 akaenda mbele zaidi, akasema nadharia hiyo si dhana tupu tena. Na urithi wa tabia ambao mke mwenzangu ataukariri, wa njegere ndefu na fupi, ni kazi ya Gregor Mendel, mtawa wa Kiaugustino aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri huko Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Nilipenda sana kuwaambia hilo wasichana waliokuwa wanawaza utawa. Macho yalikuwa yanawatoka.

Sasa nije kwa mkwe wangu. Mwambie wasiwasi wake nauheshimu, una historia yake. Wakati wa mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walikataa kuwapeleka watoto kwa kuogopa watabatizwa. Hawakuwa wanaota. Nchi ilipopata uhuru, pengo la elimu kati ya Wakristo na Waislamu lilionekana wazi. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, ndiye aliyezitaifisha shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Hata ile ya St. Francis pale Pugu, alikofundisha mwenyewe kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, ikawa ya Serikali. Kanisa likabaki na seminari. Hizi shule nyingi za masista na za majimbo mnazozigombania leo zimekuja baadaye, mlango ulipofunguliwa tena.

Kanisa lenyewe nalo lilishasema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, mwaka 1965, ulitoa tamko kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya imani, na tamko jingine la mwaka huohuo, lile la elimu, likazitaja kwa upendo shule za Kikatoliki zinazosomesha watoto wasio Wakatoliki. Hilo ni la kwenye karatasi. Kwa macho yangu, darasani kwangu kila mwaka walikuwapo wasichana wa Kiislamu. Kengele ya saa sita ilipolia walisimama kimya na wenzao. Ramadhani walifunga, na jikoni walitengewa daku. Siku ya Idi walipika pilau bweni zima likala, na Wakatoliki ndio waliokuwa wa kwanza kwenye foleni na sahani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inasema wageni wapokelewe kama Kristo mwenyewe, na masista wale waliishika, angalau kwenye suala la chakula.

Lakini shule hazifanani. Ziko zinazomtaka kila mtoto ahudhurie Misa, ziko zinazokataza hijabu, na ziko zinazoruhusu. Mambo hayo yaulizeni kabla ya kulipa hata shilingi, na myaulize wote wawili mkiwa mbele ya mkuu wa shule. Asije mkwe wangu akayakuta siku ya kumtembelea mtoto, akagombana na mlinzi getini.

Kwa hiyo yeye anaogopa ubatizo. Mimi niliyekaa ndani miaka yote ile naogopa kitu kingine, na nakwambia wewe kwa sababu kati yenu wawili aliyebatizwa ni wewe, na ndiye utakayefurahi kusikia binti yako anasali. Naogopa unafiki.

Mtoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, anajua haraka sana kinachowafurahisha wakubwa. Kwetu watu walipopanga foleni ya Komunyo, anayebaki kwenye benchi alionekana. Kufika wakati wa uji maneno yalishaanza: "Fulani leo hajakomunika, ana nini?" Binti mmoja aliniambia anapokea kila siku ili asiulizwe, wakati Padre kwenye mahubiri anafundisha kwamba mwenye dhambi kubwa aungame kwanza. Mtoto ana shida yake moyoni, anataka kukaa kwenye benchi atulie na Mungu wake, na hawezi, kwa sababu ya kiranja wa bweni! Na kwenye chumba cha mtihani utaona ishara ya msalaba nzuri ya kupendeza, halafu karatasi inatoka kwenye soksi.

Na watoto hawajifunzi hayo peke yao. Nimeona shule ambayo Rozari ilisaliwa mstarini, na "Amina" haijapoa mhasibu akapanda ngazi kusoma majina ya wasiomaliza ada, wakatoka mmoja mmoja mbele ya wenzao. Nimeona pia kile kibao anachovishwa mtoto aliyekamatwa akiongea Kiswahili. Unajua kidato cha kwanza kilivyo, mtoto ametoka msingi kwa Kiswahili, ghafla kila kitu ni Kiingereza. Nilimwona mmoja amevaa rozari na kibao kwenye shingo moja, kamba imekwaruzana na shanga, anaingia kanisani hivyohivyo, na hakuna mtu mzima aliyeona ajabu. Mwalimu anayefungua kipindi kwa Baba Yetu halafu anamwita mtoto "mbumbumbu" kwa sababu amekosea kutamka "photosynthesis", huyo ameshafundisha dini yake kwa siku hiyo, hata Padre akija jioni na kitabu.

Nimewajua wa upande wa pili vilevile. Kulikuwa na sista wa Hisabati, mkali, hakuwa mtu wa kuchekacheka wala wa mawaidha marefu. Baada ya prepo alibaki na wale wa mwisho darasani, wale ambao walimu wengine tulishawakatia tamaa, akianza nao sehemu upya, moja chini ya mbili. Hakuwahi kuwaambia anafanya kwa ajili ya Mungu. Ukitaka nikwambie dini iliingiaje darasani kwetu, nitakuonyesha daftari za wasichana wale, zilivyosahihishwa kwa wino mwekundu na maelezo pembeni, ukurasa kwa ukurasa.

Kwa hiyo mkienda kuangalia shule, kanisa mtaonyeshwa tu, hata msipoomba, na maua yatakuwa yamebadilishwa. Nyie ombeni kupita darasani kipindi kinaendelea. Angalieni waliokaa nyuma, kama mwalimu anawajua majina. Angalieni daftari la mtoto wa katikati, si la yule wa kwanza watakayemleta. Ulizeni kitabu cha viboko, maana kanuni zinataka viboko viandikwe na visizidi vinne, na mkuu wa shule atakayekasirika kwa swali hilo amewapa jibu. Ulizeni mtoto asiye Mkatoliki anafanya nini wenzake wakiwa Misani: anakaa wapi, na nani. "Tutaona" si jibu. Na kama mnaweza, mpateni msichana wa kidato cha pili akiwa peke yake, mbali na matroni, mumuulize mtu akiwa na huzuni pale anakwenda kwa nani. Akitaja jina haraka, mpelekeni mtoto.

Usitishwe na matangazo ya ufaulu. Baraza lenyewe limeacha kutangaza kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne cha 2022. Ni kweli shule za masista zinafaulisha, lakini nyingi zinachuja tangu usaili na zinawapunguza tena baada ya kidato cha pili. Ulizeni waliingia wangapi kidato cha kwanza na wangapi wamefika cha nne. Mimi nimekaa kwenye vikao hivyo vya kupunguza. Vinafunguliwa kwa sala.

Mke mwenzangu mwenyewe mmemuuliza? Ana miaka kumi na tatu, ana mdomo kama wa bibi yake, msimpangie kama godoro. Aliponitembelea Desemba alisali na mimi Rozari na asubuhi yake akanisomea sura aliyofundishwa madrasa, kwa sauti nzuri sana, baba yako akatoka nje kusikiliza. Sikuona anachanganyikiwa. Huko shuleni atakutana na watu watakaotaka achague haraka. Mwambieni nyinyi wazazi, kabla hajapanda basi, kwamba hakuna anayemdai jibu, na kwamba asiitikie sala yoyote kwa kumwogopa mtu.

Fomu ya kujiunga ikitoka nipigie picha, unitumie ukurasa wa mahitaji. Tranka usinunue Dar, huku kwa fundi bati ni nafuu, nitaagiza lije na basi. Rozari na Biblia huwa vimo kwenye orodha. Mpigieni mkuu wa shule mmuulize kama ni lazima kwa kila mtoto, na mkwe wangu awepo simu ikipigwa, asikie mwenyewe kwa masikio yake.

Msalimie sana. Mwambie nikipata nauli mwezi ujao nakuja, twende naye kuiona shule.

Mama yako