Jibu kwa anayeandika filamu ya treni ya 1957: anza na breki

Umeuliza watu wa reli huwa tunaona makosa gani tukitazama filamu, kwa sababu unaandika filamu fupi kuhusu treni ya Mombasa kuja Nairobi mwaka 1957 na ungependa mambo yawe sawa. Nimelelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nairobi, kisha nikafanya kazi ya kukagua mabehewa mpaka nikastaafu. Nitajibu kwa urefu, hasa kuhusu breki, maana hapo ndipo karibu kila filamu inapotea njia.

Umeshaiona hii: adui anakata mpira wa hewa ulio kati ya mabehewa mawili, basi treni inakosa breki na kuporomoka mteremkoni huku abiria wakipiga mayowe. Ukweli ni kinyume kabisa. Hewa iliyo kwenye bomba linalopita chini ya treni nzima ndiyo inayozifanya breki ziachie. Kila behewa lina tangi lake dogo la hewa na vali yake. Presha ya bomba ikishuka, vali inaruhusu hewa ya tangi iingie kwenye silinda, na breki zinabana magurudumu. Kwa hiyo ukikata mpira, au mabehewa yakiachana safarini, vipande vyote viwili vinasimama vyenyewe, dereva atake asitake. George Westinghouse alibuni mfumo huo Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870 kwa lengo hilohilo, kwamba kitu kikiharibika treni isimame. Kazi yangu kabla ya treni kuondoka ilikuwa kutembea kandokando yake hadi behewa la mwisho, kuhakikisha hewa imefika huko na kila breki inabana na kuachia.

Wakati mmoja watengenezaji wa filamu walikuja kutuomba ushauri. Mhusika wao alikuwa akate mpira kwa panga, treni ikimbie. Nikampeleka mwongozaji kwenye behewa lililokuwa limejazwa hewa, nikafungua koki ya mwisho wa bomba mbele yake. Hewa ikatoka kwa kishindo, breki zikabana papo hapo. Alielewa vizuri sana, lakini akasema watazamaji hawatajua, na tukio likabaki jinsi lilivyoandikwa. Liliniuma na bado linaniuma. Huku kwetu watu wanapanga nyanya na mitumba juu ya reli pale Githurai, na Kibera watoto wanaifuata reli kwenda shule. Wengi wao wanachokijua kuhusu treni kusimama wamekiona kwenye runinga: dereva anavuta mkono wa breki, magurudumu yanatoa cheche, treni inasimama hatua mbili kutoka kwa mtu. Treni ya mizigo iliyojaa inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi. Dereva akikuona, kwa kawaida ameshachelewa.

Kama hadithi yako lazima iwe na treni iliyotoroka, ipo njia ya kweli. Filamu ya Unstoppable ya 2010 ilitokana na tukio la Mei 15, 2001, jimbo la Ohio. Dereva alishuka kwenda kubadilisha njia akiwa ameacha injini inavuta, na mipira ya hewa ya mabehewa 47 aliyokuwa akiyasogeza haikuwa imeunganishwa, jambo la kawaida ndani ya yadi ya kupangia mabehewa, kwa hiyo matangi yake hayakuwa na hewa ya kubana breki. Treni ilikwenda zaidi ya kilomita 100 bila mtu, mpaka injini nyingine ikaifuata kwa nyuma, ikajishikiza na kuipunguza mwendo, na mfanyakazi mmoja akapanda. Hakuna aliyekufa. Filamu imeongeza kasi na milipuko, lakini chanzo imekieleza sawasawa, na ndiyo maana watu wa reli wengi wanaiheshimu. Nawe unaweza kuweka mabehewa yadini bila hewa, yanashikwa na breki za mkono tu, na mtu akazilegeza.

Sasa mwaka wako. Mwaka 1957 shirika lilikuwa East African Railways and Harbours, lililoundwa 1948, kwa hiyo usiandike KUR, yaani Kenya and Uganda Railways, jina la zamani, kwenye injini. Njia ya Mombasa ilikuwa ya injini kubwa za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester na kuanza kuingia kazini 1955, kila moja ikiwa na jina la mlima. Nenda Makumbusho ya Reli ukaione 5918 Mount Gelai, uzunguke pande zote.

Na tafadhali, usimpe fayamani, yule msaidizi wa dereva anayetunza moto, sepeto la makaa. Injini hizo zilichoma mafuta. Fayamani alikaa kwenye vali akitazama moto na moshi, na mara kwa mara alitupa mchanga kwenye tanuri ili usugue masizi ndani ya mirija. Hapo moshi mweusi hutoka mzito sana, na ukipigwa picha vizuri unapendeza kuliko sepeto lolote. Lakini usiuweke kwenye mteremko. Dereva akiwa amefunga mvuke, treni inateremka kwa uzito wake na moshi ni kidogo. Jasho lote liko kwenye kupanda, kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600.

Rangi na upana wa reli mimi nasamehe. Hogwarts Express ya filamu za Harry Potter inaondoka King's Cross ikivutwa na injini ya Great Western, kampuni ambayo kituo chake London kilikuwa Paddington, tena imepakwa nyekundu badala ya kijani. Haimuumizi mtu. The Ghost and the Darkness ya 1996, kuhusu simba wa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini, ambako reli ni milimita 1,067 na yetu ya zamani ni 1,000. Nani atapima? Ila usipige picha kwenye reli mpya ya SGR ukasema ni 1957. Ile ni 1,435, na kwenye skrini tofauti hiyo inaonekana.

Sauti pia usichukue SGR, maana reli zake zimechomelewa kwa urefu na zile tak-tak za viungo hazipo. Rekodi kwenye njia ya zamani, treni za abiria wa mjini bado zinapita humo. Kwa mvuke, mwambie fundi wako wa sauti kwamba Garratt ina injini mbili chini ya boila moja. Mapigo ya mvuke ya injini hizo mbili yanaenda pamoja, yanaachana taratibu, kisha yanakutana tena. Akiweka pigo moja lisilobadilika, wazee wa reli waliokaa Makongeni watajua kabla hata treni haijaonekana.