Zenit, roketi iliyoruka bila mtu kuwa karibu

Mkuu umeuliza kama Wasovieti walikuwa na roketi nyingine ya maana ya saizi ya kati ukiacha Soyuz. Walikuwa nayo, inaitwa Zenit, na mimi naipenda kuliko zote.

2005 nilikuwa baharia kwenye meli ya makontena, tukaingia Long Beach kule Marekani, nikaona kama rigi ya mafuta imefungwa gatini ila haina mnara wa kuchimbia, juu ina banda refu kama godauni. Namuuliza serahangi wetu, ananiambia ile ni Odyssey, inarusha roketi katikati ya Pasifiki. Kumbe kweli zamani ilikuwa rigi ya Bahari ya Kaskazini, na roketi yenyewe, ndiyo hiyo Zenit, ilikuwa inaungwa ndani ya meli nyingine halafu inahamishiwa pale, wanakwenda mpaka ikweta, na pale ikweta mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure, ndio maana wakahangaika safari yote ile.

Zenit ilibuniwa na Yuzhnoye, ofisi ya kubuni roketi ya Dnipropetrovsk (leo Dnipro), Ukraine, mji ambao enzi hizo mgeni haingii. Ikaruka mara ya kwanza Aprili 1985, ikafeli. Ilivyokaa sawa ikawa inapandisha tani 13 na ushee kwenye obiti ya chini, yaani njia ya kuzunguka dunia iliyo karibu na ardhi. Ilitumia mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, na injini yake ya chini, RD-171, ilikuwa na vyumba vinne vya kuchomea, ikisukuma kama tani 740, yaani moja tu inaishinda moja ya zile tano zilizokuwa chini ya Saturn V, roketi ya Wamarekani ya kwenda mwezini. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo waliifunga nne nne ubavuni mwa Energia, roketi kubwa ya Wasovieti.

Ila kwangu mimi kubwa ni hili: kazi ya pale pedini, yaani mahali roketi inaporukia, ilifanywa na mashine. Kule Baikonur, kituo cha kurushia roketi huko Kazakhstan, ilikuwa inakuja na reli imelala, inasimamishwa, mabomba na nyaya vinajiunga, inajazwa, inawashwa, na hakuna fundi anayepanda kushika kitu. Bila hiyo isingeweza kwenda baharini, maana kabla ya kurusha watu wote walikuwa wanahama Odyssey wanakaa kwenye meli ile nyingine, mbali kabisa.

Sasa angalia. 1980 kule Plesetsk, kituo kingine cha kurushia roketi huko Urusi, roketi ya Vostok ililipuka ikijazwa mafuta, wakafa watu 48, wote walikuwa kazini pale pale. Oktoba 1990 Zenit imeinuka kidogo tu ikarudi chini, pedi nzima ikaisha, hakufa mtu. Januari 2007 ikalipuka juu ya Odyssey, chuma cha kugeuzia moto kikadondoka baharini, na jukwaani hakukuwa na mtu hata mmoja.

Januari iliyofuata Odyssey ikarudi kazini ikapandisha Thuraya 3, satelaiti ya simu, na zile mbili za mwanzo zilipandishwa na Zenit hiyo hiyo, 2000 na 2003. Kwa hiyo mabaharia wenzangu, zile simu nene za antena tulizokuwa tunapigia nyumbani tukiwa kati ya Mombasa na Salalah, satelaiti yake ilirushwa kutoka kwenye ile Odyssey yenye godauni niliyoiona Long Beach.